Doa la Kahawa kwenye Nakala ya Mama Kavira

Niliondoka Kisangani nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mchele, na nilifika Beni siku ya kumi na moja nikiwa juu ya magunia yaleyale, ila mchele wa magunia ya chini ulikuwa umeanza kuota. Lori lilikwama kabla ya Bafwasende, likakwama tena baada ya Bafwasende, na pale Nia-Nia tulikaa siku mbili tukingoja kipuri ambacho shofa alisema kiko njiani. Kwa shofa kila kitu kiko njiani. Abiria tulishuka kuchimba matope kwa koleo, tukapanda, tukashuka tena. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimekwisha kaa Kindu, Bumba na Isangi, na kila mahali, watu walipoanza kunisalimu kwa jina, mimi nilianza kutazama barabara. Nilikwenda Beni kwa sababu mtu mmoja kwenye mtumbwi aliniambia huko kuna kazi ya kupakia mbao. Mzigo wangu ulikuwa suruali mbili, radio isiyo na betri, na diploma yangu ya sekondari, yaani fotokopi yake.

Mbao sikuzipakia. Asubuhi ya tatu nilipita mbele ya mahakama, nikasikia mashine ya kuandikia ikipigwa kwa kidole kimoja. Tak. Kimya kirefu. Tak. Shuleni nilikuwa nimesoma masomo ya biashara, tena mwalimu wetu wa mashine alikuwa mkali, kwa hiyo mlio ule uliniumiza kama jino bovu. Nikasogea dirishani. Ndani alikaa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Unaangalia nini, kijana?"

"Hiyo machine, Papa. Iko inalia."

"Unajua kuipiga?"

"Na vidole vyote."

"Vyote kumi? Kuya tuone."

Huyo ndiye Papa Paluku, mkuu wa grefi, yaani ofisi ya makarani wa mahakama, mahali ambapo kila karatasi ya kesi huingia, hupewa namba, na mara nyingine hutoka. Nilipiga ukurasa mmoja. Akausoma mpaka chini, akaniomba diploma. Nikampa fotokopi. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa.

"Original iko wapi?"

"Kwa mama, ku Kisangani."

"Donc hii ni karatasi yenye kusema kama kuko karatasi ingine."

"Ndiyo, Papa."

"Sawa. Utatumika. Lakini utakuwa fotokopi ya karani mpaka original itafika."

Karibu mwaka mzima aliniita hivyo mbele ya watu: "Peleka kwa Fotokopi, atakupa namba." Mama alipoituma diploma kwa shofa, na kwa muujiza ikafika, Papa Paluku alinipa mkono, akanibadilisha jina. Nikawa Boyomais, mtu wa Kisangani. Hilo lilinifuata mpaka siku ya mwisho, na wengi wenu mnaosoma haya hamjui kama nina lingine.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye meza zile, Beni na Butembo. Umri wangu si wa kustaafu. Nina miaka arobaini na kitu, meno yote yako. Kilichostaafu ni uwezo wangu wa kukaa mahali pamoja, na hata huo ulinivumilia kuliko nilivyotegemea. Vyeo na barua za kupandishwa siviandiki hapa; havikunifundisha kitu. Nataka kuwaeleza kuhusu nakala.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Sindano nene na uzi wa kushonea mafaili, kwa sababu pini hupata kutu na kutu hula maandishi. Kisanduku cha wino wa zambarau. Rula. Mhuri ulioandikwa kwamba nakala inafanana na original, ambao Papa Paluku aliuweka ndani ya soksi, soksi ndani ya droo, na ufunguo wa droo ndani ya soksi nyingine aliyokuwa ameivaa. Fotokopi zenyewe zilitengenezwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda chenye jenereta, na bei ilipanda au kushuka kufuatana na kelele za jenereta. Jifunzeni jambo hili: wino wa kijani fotokopi huuona mweusi, penseli haiioni kabisa, na doa jepesi ambalo macho yako yanalisamehe, mashine hailisamehe.

Kisha kulikuwa na rejista, kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila nakala iliyopigwa mhuri iliandikwa humo: namba, tarehe, jina la mteja, aina ya karatasi. Safu ya mwisho iliitwa "Observations". Ofisi nyingi huiacha wazi, au karani huandika herufi tatu za Kifaransa, RAS, maana yake hakuna la kusema. Nadhani RAS ndiyo sentensi iliyoandikwa kuliko zote katika nchi hii. Papa Paluku hakuandika RAS hata siku moja. Mteja alipomletea original na nakala, yeye aliiweka original chini ya pua yake, akaandika kwenye safu ile kila kitu ambacho mashine haiwezi kukibeba. Karatasi ya miraba, imechanwa kwenye daftari. Bic ya kijani. Dole gumba la shahidi limeteleza. Inanuka mafuta ya mawese. Watu walipanga mstari mpaka nje wakilalamika.

"Papa, unaandika nini mingi hivi?"

"Naandika chenye fotokopi haioni."

"Na inatumika wapi?"

"Sijue. Nikijua, nitaandika na kile."

Alinieleza sheria kwa maneno ambayo sijayasikia yakisemwa vizuri zaidi na wakili yeyote. Kama original bado ipo, nakala ni mtoto mbele ya baba yake: mtu yeyote anaweza kusema "mwite baba", na lazima aitwe. Kama original imepotea, basi mwenye nakala ana kazi tatu. Aonyeshe kwamba ilikuwako. Aonyeshe kwamba imepotea kweli, haikufichwa, wala si yeye aliyeichoma. Halafu aonyeshe kwamba nakala hii imetoka kwayo. Jaji hapimi uzuri wa karatasi. Anapima njia ambayo karatasi imepita.

Nilisikia, nikatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni kazi nyepesi.

Papa Paluku alipostaafu na kwenda kutunza kahawa yake, droo na soksi vikabaki kwangu. Mstari ulikuwa mrefu na mimi nilikuwa mwepesi. Watu walinisifu kwa kufanya kazi haraka: "Boyomais anatumika mbio!" Safu ya mwisho nikaijaza RAS, RAS, RAS, chini mpaka ukurasa unaisha.

Ni katika miaka hiyo Mama Kavira alianza kuja. Alikaa Mangina, akiuza mihogo na mawese. Mume wake, Kakule, alikuwa amefariki, akamwachia watoto wanne na kiwanja kimoja Butembo ambacho walikuwa hawajajenga. Kila mwaka alifika Beni kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, akaosha miguu kwenye bomba letu, akanipa karatasi mbili, akaomba mhuri.

"Baba Greffier, cachet imekufa. Unipatie mpya."

Msicheke, maana ninyi pia mmewaona. Ofisi zetu, mtu akienda kuandikisha jambo, humwomba nakala yenye mhuri "usiozidi miezi mitatu". Basi watu wakaelewa kwamba mhuri unaoza kama mkate. Wakaelewa pia jambo la pili, lililo baya zaidi: kwamba karatasi yenye mhuri mpya ina nguvu kuliko karatasi ya zamani isiyo na mhuri wowote. Na ipi haina mhuri wowote? Original, ile iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi nyumbani kwa muuzaji. Mama Kavira hakuniletea original. Aliniletea nakala ya mwaka uliopita, na nakala ya nakala hiyo.

"Original iko wapi, Mama?"

"Iko mu nyumba. Imekuwa muzee, inapasuka. Nitaitembeza ya kazi gani? Hii hapa iko na cachet yako weye mwenyewe!"

Nilitazama. Mhuri ulikuwa wangu kweli. Nikapiga mwingine. Na yeye, akifika nyumbani, nakala ya mwaka uliopita aliifanya jalada la daftari la mtoto, kwa sababu kwake ilikuwa imekufa.

Wakati wa Ebola tulipiga mihuri tukiwa na ndoo ya maji ya klorini mlangoni. Kila aliyeingia alinawa, na wino wa dole gumba tulimwekea kila mtu tone lake kwenye kipande cha karatasi, badala ya wote kugusa kisanduku kimoja. Mzee mmoja alinawa huku ameshika hati ya kuuza ng'ombe. Klorini ikala wino mbele ya macho yetu, ng'ombe akaondoka, ikabaki sahihi tu. Mzee akanitazama: "Sasa nimeuza nini?" Tulicheka mpaka muuguzi wa mlangoni akatufukuza.

Baada ya hapo nilihamishiwa Butembo. Nilipenda mji ule kabla sijashuka kwenye gari: baridi, milima, moto zinazopita hadi ngazini, maduka ambayo mtu huuza misumari chini na kulala juu. Nilijiambia nitakaa miezi sita.

Siku moja ya kesi nilikuwa mezani kwangu chini ya jaji, nikiandika kama kawaida. Jaji tulimwita Président. Alikuwa ametumwa kutoka Kasai, na Kiswahili alikuwa amekijifunza sokoni, kwa hiyo hata hukumu zake zilisikika kama anapunguza bei. Kesi ilikuwa ya kiwanja. Mjane alikuwa amekimbilia Butembo na watoto wake, akamkuta shemeji yake, Kambale, kaka mkubwa wa marehemu na mwenye duka la mabati, amekwisha rundika matofali yake juu ya kiwanja. Kambale alisema alikinunua yeye, ndugu yake alimlindia tu. Muuzaji na mashahidi wake walikuwa wamekufa. Original, mjane akasema, iliungua. Mangina watu walikimbia mashambulizi, nyumba zikachomwa, naye alipokimbia alibeba watoto na karatasi moja.

"Kwa nini hamkubeba original?" aliuliza wakili wa Kambale, Maître mmoja mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya mvua.

"Nilibeba yenye cachet," akajibu mjane.

Niliinua kichwa. Alikuwa Mama Kavira. Na Maître alikuwa ameinyanyua juu karatasi ambayo chini yake kulikuwa na sahihi yangu, mara nane au tisa, moja juu ya nyingine, kama ngazi.

"Président, tazama jina la mununuzi. Tunaona herufi mbili za kwanza, KA. Kisha? Kisha kuna utepe mweusi! Mtu amepaka wino kuficha jina. KA inaweza kuwa Kambale. Ni Kambale! Karatasi hii si ushahidi, ni kivuli cha kivuli, na kivuli chenyewe kimepakwa masizi."

Kweli, upinde mweusi, mnene kama kidole, ulipita juu ya jina na kulimeza. Sikuwa nimewahi kuuona. Miaka yote ile nilikuwa nikitazama mihuri.

Président akaahirisha kesi. Akaagiza nitolewe kwenye kiti cha karani, mwenzangu akae pale, nami niitwe kama shahidi juma lililofuata. Neno moja tu lilikuwa linangojwa kutoka kwangu: je, niliiona original?

Siku iliyofuata Kambale alinikuta nikinywa chai kwa mama wa mandazi. Akaketi, akanisukumia sahani.

"Boyomais, shiye hatukuombe kitu kibaya. Sema tu ukweli. Hukuiona."

Katika kazi yangu watu wengi walikuwa wameniomba mambo mengi, lakini huyo alikuwa wa kwanza mwenye kosa kuniomba ukweli. Nilimaliza chai yangu, mandazi yake sikuyagusa.

Jioni alikuja Mama Kavira na binti yake wa mwisho kando yake.

"Baba Greffier, useme uliiona. Ni neno moja."

"Mama, sikuiona."

"Mais ilikuwako!"

"Najua."

"Sasa kama ilikuwako, na unajua, kuiona ni nini tena?"

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilijua kwamba nikisema niliiona, kesi inakwisha asubuhi ileile, mama anajenga, watoto wanapata paa. Na nilijua kwamba nikisema sikuiona, mihuri yangu tisa inakuwa mapambo, mama anabaki mtaani, nami napewa barua ya lawama. Nilizunguka mji kwa miguu mpaka viatu vikaniumiza. Nilifikiri hata kuhusu lori la Kisangani. Lakini kila nilipopita kona nilisikia swali la Papa Paluku, "Original iko wapi?", na kona za Butembo ni nyingi.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya meza ambayo kwa kawaida ni yangu.

"Greffier, hii cachet ni yako?"

"Ni yangu, Président. Yote tisa."

"Uliona original, ndiyo ao hapana?"

"Hapana, Président."

Mama Kavira akaweka mkono mdomoni. Kambale akanyoosha koti.

"Kila mwaka mama analeta, kila mwaka unapiga?"

"Ndiyo, Président."

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia kama mhuri wangu wa mwaka uliopita ni wa kweli."

Ukumbi mzima ulicheka. Président mwenyewe alijifuta macho. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, maana mtu akicheka masikio yake hufunguka. Nikaomba karatasi. Nilikuwa nimeitazama usiku na mchana kwa lenzi, na chini ya ngazi ya sahihi zangu, kwenye ngazi ya kwanza kabisa, kulikuwa na mhuri uliofifia wenye sahihi isiyo yangu. Kando yake namba ya rejista ilisomeka kwa shida.

"Président, mhuri wa kwanza ni wa Papa Paluku. Huyo hapigi bila kuona. Ilikuwa wakati Kakule angali hai. Kitabu chake kiko Beni."

Maître akaruka: "Président, kitabu kinaweza kusema nini? RAS!"

"Cha kwangu ndiyo," nikasema. "Chake, twende tukasome."

Président alinipa agizo lenye mhuri, akamtuma mwenzangu anisindikize, asije mtu akasema nimeandika mwenyewe njiani. Barabara ilikuwa na hali yake ya siku zote. Tulipanda gari, tukangoja wanajeshi waseme nenda, tukaenda.

Kwenye grefi ya Beni walitukaribisha vizuri sana, na kitabu hakikuonekana. Tulifungua makabati mawili, tukahamisha mafaili, tukafukuza mjusi. Saa sita mwenzangu aliketi kupumzika karibu na mashine ya fotokopi, maana sasa grefi ilikuwa na yake, akasema, "Mbona meza hii haitingishiki?" Meza zote za serikali hutingishika. Tukainama. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na chini yake, kikiwa kimebeba mashine nzima, kulikuwa na kitabu chenye jalada jeusi.

Nilipata ile namba ukurasa wa kati. Mwandiko mdogo, wima, kwa Kifaransa. Nawapa maana yake: "Original nimeiona. Karatasi ya miraba, imechanwa kwenye daftari, ukingo wa kushoto una meno. Bic ya bluu. Doa jepesi la kahawa, nusu duara la kikombe, linapita juu ya jina la mnunuzi. Chini yake linasomeka bila shida: KAKULE. Ndiye aliyeleta, na kitambulisho chake kinakubali. Anasema kikombe ni cha muuzaji."

Mwenzangu alisoma mara mbili, akaniambia polepole, "Boyomais, fotokopi yako njo imekula jina ya bwana ya mama." Ndivyo ilivyokuwa. Kahawa nyepesi, nakala ya kwanza ikaifanya ya kijivu, ya pili ikaikoleza, na mimi nikaipeleka mwaka kwa mwaka mpaka ikawa lami.

Tulimchukua Papa Paluku kwenye kahawa yake. Alivaa koti la kazi lililokuwa limemzidi sasa. Mbele ya Président alitambua mwandiko wake, na Maître akamvamia.

"Muzee, ni miaka mingi. Unaweza kweli kukumbuka doa la kikombe kimoja?"

"Hapana, Maître. Sikumbuke hata kikombe ya leo asubuhi. Njo maana niliandika."

Maître akaketi. Président akaomba rula. Akapima upinde kwenye nakala, akasoma kitabu, akapima tena, ingawa sidhani kulikuwa na kitu cha kupima. Akawasikiliza pia majirani wawili wa Butembo waliomwona Kakule akifyeka kiwanja, na mzee wa Mangina aliyeona nyumba ikiungua. Hukumu yake ilikuwa fupi: original ilikuwako, maana karani aliyeapa aliiona na kuieleza, ilipotea bila kosa la mjane, na nakala, pamoja na ubaya wake wote, imebeba alama ileile mahali palepale. Mihuri tisa ya baadaye haikuhesabiwa. Kambale aondoe matofali.

Mama Kavira alilia, kisha akamgeukia Papa Paluku akamshika mikono yote miwili: "Wasingya, Papa! Wasingya!" Asante, kwa Kinande. Mimi alinipita. Alifika mlangoni, akarudi.

"Na weye," akasema, "hukuiona. Sawa. Nimeelewa sasa kuiona ni nini."

Barua ya lawama nilipata, original moja na nakala tatu, nami nilizilinganisha kwanza kabla ya kusaini. Katika miezi iliyobaki nilifanya kazi polepole hadi watu wakaanza kunitukana mstarini. Niliuliza kuhusu kila kikombe. Waliokuja kufufua mihuri iliyokufa niliwarudisha nyumbani wakalete karatasi za zamani, na nilipowaambia, "Hiyo mbovu ndiyo nzuri," walinitazama kama nimelewa. Fanyeni hivyo na ninyi. Na safu ya mwisho ijazeni hata kama hamjui itatumika wapi.

Kisha miguu ikaanza kuwasha. Muda wa kukata rufani ulikuwa umepita, Kambale hakukata, na siku huissier, mtumishi wa mahakama anayetekeleza hukumu, alipomrudisha rasmi Mama Kavira kwenye kiwanja niliona sina tena kesi inayonizuia. Niliandika barua yangu ya kuacha kazi, nikakabidhi droo, nikanunua begi. Jumamosi asubuhi nilimwita mtu wa moto anipeleke kwenye stendi.

Hatukufika moja kwa moja. Mama Kavira alikuwa amenitumia neno nipitie kiwanjani, hata dakika moja. Nilidhani anataka mhuri. Nikakuta matofali ya Kambale hayapo, msingi umechimbwa, na watu zaidi ya ishirini wameketi kuzunguka masufuria mawili ya nyama ya mbuzi: majirani wa pande zote nne, mkuu wa mtaa, huissier akiwa na watoto wake, Papa Paluku kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mama Kavira alizunguka na sahani, na kila aliyempa alimwuliza kwa sauti, wote wasikie: "Unakula wapi leo?" Naye alilazimika kujibu, "Nakula mu parcelle ya Mama Kavira," yaani kiwanjani kwake. Wengine walijibu kwa kucheka, wengine kwa kuimba. Mtu wa moto alizima pikipiki, akajibu kabla hajaulizwa, akapewa mfupa mkubwa. Mimi nilijibu mdomo umejaa.

Kambale alikuwa amesimama nje ya mpaka, akijifanya anaongea na simu. Nadhani alipita tu kuona. Mama Kavira alichagua kipande cha ini, akakiweka kwenye sahani safi, akaivuka mitaro ya msingi moja baada ya nyingine.

"Shemeki, ingia. Hauwezi kusimama njiani kama mugeni."

Aliingia. Angefanya nini, na mtaa mzima unamtazama?

"Unakula wapi leo, shemeki?"

Kambale alitazama ini, akatazama viatu vyake. Watoto waliacha kukimbia.

"Nakula mu parcelle ya Mama Kavira," akasema.

Akatia kipande kinywani, akatafuna polepole, na wote tulimtazama mpaka alipomeza. Hapo Mama Kavira akanigeukia, akaniambia kwamba hii nimeiona, sasa ninaweza kwenda.